Foleni ya Angani

Mji ule ulikuwa na dishi moja tu la setilaiti, na Masudi ndiye aliyepanga mawasiliano ya nani yapite kwanza. Hospitali ilitangulia. Simu za video zilikuwa za mwisho.

Bi Rukia alikaa mbele ya skrini. Mwanawe, aliyelazwa ng'ambo, alikuwa karibu kuingizwa chumba cha upasuaji, na madaktari hawakumpa matumaini.

"Shikamoo, mama," sauti ikafika, kisha uso wake ukaganda kwenye skrini.

"Masudi baba, tupitishe mbele kidogo."

"Mama, hospitali inatuma picha za kichwa cha mgonjwa. Bingwa wa mbali anazisubiri ili amwelekeze daktari wetu. Nikizikata, zitaanza upya."

"Mgonjwa ni wa nani?"

"Sijui. Wamesema ni mtoto."

Bi Rukia aliutazama mkono wa Masudi juu ya kitufe.

"Basi mwache apite."

Kisha akaugeukia ule uso. "Marahaba, mwanangu. Marahaba sana."

Masudi hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba neno lile lilikuwa bado kwenye foleni, halijatoka mjini. Bi Rukia alikunja ncha ya mtandio wake, akaanza kufuta vumbi kwenye kioo cha skrini, taratibu, penye paji la uso wa mwanawe.