Jino la Byron

Jino la Byron lilikuwa limeshasagwa likawa unga, na nje ya mlango wa maabara familia mbili zilikuwa zikiomba kwa sauti, kila moja na pasta wake.

Nasambu alitia kichupa chenye unga ule ndani ya mashine. Sindano ikashuka yenyewe, ikadondosha asidi, unga ukaanza kutoa hewa. Jino halisahau maji ya utotoni. Ya ziwani huacha alama yake, ya milimani yake. Kazi iliyobaki ilikuwa ya mashine.

Byron alikuwa fundi wa mawe mtaani Pioneer, Eldoret. Alikufa bila mke, bila mtoto, bila kitambulisho. Kijaluo alikijua, Kibukusu alikijua. Kina Odera wa kando ya ziwa walipotelewa na mvulana zamani. Kina Mabonga wa mlimani, vilevile. Wazazi wa pande zote walishafariki. Chifu alipochoka na ugomvi wao, akaomba jino lipimwe.

Nasambu alitoka kuwaambia wavumilie kidogo. Mama Aketch, aliyewaongoza kina Odera, akamshika mkono.

"Binti yangu, tenda haki. Hatujalala tangu huyu mtu afe."

"Na sisi je?" akadakia Mzee Mabonga. "Tumefunga, tumeomba." Kisha akamvuta Nasambu pembeni, akanong'ona: "Madam, wewe ni msichana wetu. Unajua la kufanya."

"Mzee, mashine haina kabila."

Alirudi ndani machozi yakimlengalenga. Mhudumu wa mochari alikuwa amemwambia kwamba hakuna hata mmoja wao aliyeomba kumwona marehemu, naye Nasambu akaelewa: kuna uchungu usiotazamika. Yeye alikulia kwenye nyumba ya watoto yatima, na hakuna aliyewahi kuja kumuulizia. Leo fundi wa mawe, maskini ya Mungu, anagombaniwa kama mwana wa mfalme!

Jibu likatoka. Akapima tena, asije akamdhulumu mtu. Halikubadilika.

"Alikulia kando ya ziwa," akawatangazia.

Mama Aketch alianguka chini akilia. Kina Odera wote wakaangua kilio. Mzee Mabonga alifumba macho, midomo ikimtetemeka.

Nasambu akapiga magoti, akamkumbatia yule mama. "Pole, Mama. Sasa mmempata. Mpelekeni mtoto wenu nyumbani."

Mama Aketch akamsukuma. "Nyumbani kwa nani? Na bili ya mochari na mazishi alipe nani? Nilijua tu utawapendelea watu wako!"

Huko nje gari la kina Mabonga lilikuwa limeshawashwa, na ukoo mzima ulikuwa ukilikimbilia huku ukiimba haleluya.