Mtoto Anadai Jina

Mtoto alikuwa analia tangu juzi, na titi hataki. Katika ukoo wao jambo hilo halikuwa na dawa ya hospitali. Mtoto anadai jina lake, jina la marehemu mmoja wa nyumba hiyo, na akilisikia ananyamaza.

Bibi Mbuke, mama yake Burito, aliketi karibu na mkamwana wake Dafroza, aliyempakata mtoto, akaanza kuwaita wafu. Alimwita Wanzagi, marehemu mumewe. Akamwita Masatu, aliyezama na mtumbwi hapo hapo Mugango. Akaenda hadi kwa wazee ambao hata makaburi yao hayajulikani. Mtoto alizidi kulia, na sauti ilishaanza kukauka.

Dafroza aliogopa. Mtoto huyu alimsubiri sana. Mumewe, Burito, alikwenda machimboni ile miaka ya kupanga foleni ya sabuni, wakati hata nyuzi za nyavu hazikupatikana, akapotelea huko. Mwaka jana, maduka ya Musoma yalipoanza kujaa tena, alirudi na furushi la mitumba na uso uliopondwa na kifusi cha shimo. Kijita, lugha ya kwao, kilikuwa kimemtoka kabisa mdomoni. Lakini rozari aliyopewa na mama yake alikuwa nayo shingoni, na alikuwa mpole kuliko zamani. Hata wale waliomshauri Dafroza aolewe upya walikuja kunywa chai yenye sukari.

"Umewamaliza wote, mama?" Dafroza aliuliza.

"Wote waliokufa. Walio hai hatuwaitagi."

Mume wa Dafroza alikuwa mlangoni akimenya muhogo. Tangu majina yaanze kutajwa hakuwa ameinua macho.

"Burito," Dafroza alimwita, karibu alie, "njoo umshike mwanao. Mimi nimeshindwa."

Mtoto akanyamaza.

Aligeuza uso, akalitafuta titi, akanyonya kwa pupa.

Bibi Mbuke alitaka kusema ni uchovu tu wa mtoto. Alimtazama mjukuu, kisha akamtazama mtu wa mlangoni.

Mwanamume yule aliweka kisu chini taratibu. Akaja, akapiga magoti, akaivua rozari shingoni na kuiweka mapajani mwa bibi.

"Nilimzika vizuri, mama," alisema.