Ukucha kwenye Gome

"Iko hai?" mumewe aliuliza kutoka juu ya ngazi, koti hajavua. Nje, yule mwanamke ambaye mume alihamia kwake tangu Septemba alikuwa anamngoja garini.

Wiebke alipiga magoti kwenye chumba cha chini ya nyumba, mbele ya chungu cha fuksia, mmea wao wa maua. Miaka kumi na tisa walikuwa wakiiteremsha pamoja kila Oktoba, kabla baridi haijaiunguza. Safari hii aliiteremsha peke yake, akainywesha kikombe kimoja cha maji kila mwezi huku akijilaani kwa kuendelea kuitunza.

Sasa ilikuwa Machi, na vijiti vilikuwa vikavu, havina hata jani.

"Kwangua gome kwa ukucha, uone kama ndani bado ni kijani! Au ulisahau kuimwagilia?"

"Sikusahau. Mimi si wewe."

Alikwangua. Kahawia. Akashuka kidogo, akakwangua tena. Kahawia. Karibu kabisa na udongo ukucha ulizama, na chini ya gome pakatokea kijani kibichi, chenye maji.

"Wiebke, tunachelewa bwana!"

Tunachelewa. Yeye na yule wa garini.

Alichota udongo kidogo, akaupaka juu ya ule mkwaruzo, akafuta kidole kwenye sketi.

"Nenda tu," alisema. "Imekufa."