Mwana Aliyelia Kichakani

Mtafiti alibonyeza kitufe, na kilio cha mtoto wa tumbili kikatoka kwenye spika iliyofichwa kichakani. Majike wote wakageuka kumtazama mama mmoja, kama majirani wanaosema: wako huyo.

Mtafiti akaangalia orodha ya rekodi zake. Alikuwa amekosea sauti. Mtoto huyo alinyakuliwa na tai wiki iliyopita.

"Zima, dada," dereva wake alinong'ona.

"Nikizima, si nitakuwa nimemuua mara ya pili?"

"Na usipozima?"

Yule mama alishuka mtini mbio, akafukua majani, akaipapasa spika inayolia kwa vidole vyake vyeusi, polepole, kama anayetafuta jeraha. Kisha akaivuta kifuani, kwenye titi lililokuwa bado limejaa maziwa.

Mtafiti akafumba macho, akabonyeza.