Vibao vya Gari la Mzee

"Na mgongoni je?" aliuliza mama mwenye gari jekundu. "Kwa hivi, mgongoni atasikia?"

Fundi aliweka spana chini, akashika kiuno, maana kuulizwa swali la ufundi kwake ilikuwa raha kuliko chai. Juu ya meza palikuwa na jozi mbili za vibao vya kemba, vile vinavyokaa juu ya shokapu, chini ya boneti, na kuamua tairi isimame wima au ilalie ndani. Vya zamani vilikuwa vimeoza. Gari lenyewe lilikuwa la spoti, milango miwili, kuukuu lakini bado linatamba, limeshushwa mpaka paka hapiti chini yake.

"Sikiliza, mama. Hivi vina mpira kwa chini. Gari likigonga shimo, mshindo unafia hapa. Hivi vingine ni chuma kwa chuma, vya watu wa mashindano. Ukikanyaga kokoto, unaisikia mpaka kwenye magego."

"Sijauliza magego. Nimeuliza mgongo."

"Mgongo ndio usiseme!"

Mama alikiinua kibao cha chuma, akakipima uzito kiganjani kama anayechagua tikiti sokoni. "Mzee alipasuliwa mgongo mwaka jana," alisema. "Na Ijumaa lazima akabidhiwe gari lake, likiwa zima."

"Pole yake. Basi tumemaliza maneno, nafunga vya mpira."

"Funga vya chuma."

Fundi alimtazama asiamini.

"Amevililia hivi miaka yote," mama alisema taratibu. "Mimi ndiye niliyekuwa nakataa, nikisema tutatetemeka mpaka tuishe. Acha sasa avipate. Na tairi zilaze ndani mpaka mwisho, ndivyo anavyozipenda."

"Zitalika upesi, mama. Upande wa ndani utaisha hata hajazifaidi."

"Atanunua nyingine," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aingie gereji akatabasamu.

Jamani, fundi aliguswa! Jioni, sahani ikiwa mbele yake, alimsimulia mkewe habari yote, akaongeza na lawama juu. "Kuna wanawake wanaowajua waume zao. Wewe redio tu ya gari umenigomea."

"Yeye mwenyewe atalipanda hilo gari?" mkewe aliuliza.

"Wala. Ni la mzee peke yake."

"Basi funga alivyokuambia, usijitie ujuaji."

Lakini ujuaji ndio uliokuwa ukimlisha. Kesho yake, alipoinamia injini na vibao vya chuma mkononi, alimfikiria yule mzee asiyemjua, mshono mgongoni, akirushwarushwa kila penye shimo, akikunja uso ili asimvunje moyo mkewe. Angevumilia mpaka lini? Siku moja angeropoka neno, mama angenuna, na nyumba ya watu ingeingia moto kwa sababu ya fundi aliyeona akanyamaza. Hapana. Alipiga moyo konde, akafunga vya mpira, tairi akazisimamisha karibu wima, na vile vya chuma akavitia kwenye droo. Ukifungua boneti hujui lolote, mpira wenyewe umejificha chini. Siku ile alifunga gereji akipiga mluzi, mtu aliyeokoa ndoa.

Ijumaa mzee alifika akitembea kwa tahadhari kama aliyebeba mayai, ameshikwa mkono na binti mmoja mrembo. Fundi alimwamkia, akampa pole ya mgongo. Binti akamshukuru fundi vizuri sana, na fundi akasema moyoni, mtoto kalelewa huyu.

Mama alisimama langoni, amekumbatia mkoba. Hakusogea. "Mpitie pale kwenye mashimo kwanza," aliwaambia. "Aonje."

Mzee na binti wakaingia. Gari likanguruma, likatoka, likazama kwenye shimo la kwanza, la pili, likakata kona. Mama alikuwa kama hapumui. Fundi akaona huyu mtu atazimia kwa wasiwasi, bora amtue mzigo.

"Mama, nisamehe," alimnong'oneza. "Nilifunga vya mpira. Mapenzi yako niliyaona, lakini mzee nikamwonea huruma. Hatasikia kitu, nakuapia."

Mama aligeuka akamkodolea macho. Fundi akajua ni furaha hiyo, na yeye mwenyewe machozi yakaanza kumlenga.

Gari likarudi likiteleza, likasimama mbele yao. Mzee akashusha kioo, uso umemchanua.

"Hata kidogo! Sijasikia hata kidogo! Hakimu aliponipa gari na wewe nyumba, niliapa utanikabidhi mkweche. Kumbe nina mtalaka muungwana namna hii!"

Binti akamwegemea begani, akachungulia dirishani. "Asante sana, dada," alisema. "Fungate tulikuwa tumeiahirisha kwa ajili ya mgongo wake. Sasa tunaondoka leo leo."