Ukoko wa Bonge

"Nitajie unaotaka wajue," daktari alimwambia Mwanahawa kabla ya upasuaji wa kupunguza uzito. "Usiowataja, unene wako utawatoka akilini. Watakukumbuka mwembamba tangu utotoni."

Mwanahawa aliwafikiria shangazi zake na vicheko vyao vya harusini. Akamfikiria na mama, ambaye angelia kwa kuogopa kisu.

"Asijue mtu," alisema.

Miezi ikapita, akaenda kwao kula Ijumaa. Wali wa nazi uliwekwa kwenye sinia, wakakaa mkekani. Zamani, kabla ya yeyote kunyoosha mkono, mama alikuwa akiukusanya ukoko wote na kuusukuma upande wa Mwanahawa. "Kula, bonge langu," angesema, na hakuna aliyethubutu kuugusa.

Leo mkono wa mama ulimpita, ukamwekea ukoko mdogo wake, Shamte.

"Mama, na mimi je?"

"Wewe? Tangu lini ukala ukoko?"

"Si ulikuwa ukinipa wote? Ukiniita bonge lako."

Mama akaacha kutafuna. Akamtazama Shamte, kisha akamrudia Mwanahawa kwa upole, kama anayezungumza na mgonjwa.

"Bonge yupi, mwanangu?"