Mama Mkimbiza Gari

“Ulikuwa kwenye mwendo gani, mama?”

Mama muuza mayai alitazama meza ya askari wa kike wa usalama barabarani. “Mkubwa,” alisema.

“Mkubwa kiasi gani? Barabara ile ya shule mwisho ni hamsini.”

“Ni zaidi ya hapo, afande. Siwezi kukudanganya.”

Watu waliopanga foleni nyuma yake walianza kuchekacheka. Mmoja alimnong’oneza mwenzake, lakini kwa sauti ya kusikika, “Mtu mzima na mvi zake, anakimbizana na nani?”

Mama alivuta kilemba kikamfika kwenye nyusi. Tangu azaliwe alikuwa hajawahi kuitwa kituoni, hata kwa kesi ya kuku kuingia kwenye bustani ya jirani. Leo alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha mbao, amekalia upande mmoja, na katika hiyo foleni wapo waliokula mayai yake asubuhi hiyo hiyo. Alitamani ardhi impasukie.

Kijana wake alikaa pembeni, mikono ameibana katikati ya magoti. Si mtoto tena, ndevu zimeshajaa. Mama alishasema tangu mlangoni kwamba huyu amekuja kumsindikiza tu.

Askari aligeuza kompyuta ili mama aone. Picha ilionyesha kigari chao cheupe cha kusambazia mayai, namba zinasomeka vizuri kabisa. Kioo cha mbele kilikuwa kinameta kwa jua, dereva haonekani. Mama alishusha pumzi.

“Themanini na sita,” askari alisema. “Sasa nisikilize, maana wengi wanadhani wakishalipa faini yamekwisha. Faini ni mwanzo tu. Mwendo kasi una pointi zake, na karibu na shule zinahesabiwa mara mbili. Pointi zikijaa, leseni inachukuliwa mwaka mzima. Mwaka ukiisha unarudi kufanya mtihani kama mtu ambaye hajawahi kushika usukani.”

“Nimeelewa.”

“Makosa yako mawili ya nyuma uliyakubali kwa simu, ukalipa. Hili ndilo linalojaza. Ukikubali leo, leseni inabaki hapa.”

“Nakubali.”

“Mayai utayasambaza vipi?”

“Kwa miguu. Kwa mkokoteni. Mungu hamtupi mja wake.”

“Na wateja wa mbali?”

Hao wa mbali ndio waliomjengea vile vyumba viwili na banda la kuku. “Watanunua kwingine,” alisema.

Askari alimwonea huruma. “Huyu kijana hana leseni akusaidie?”

“Anayo, safi, haina doa,” mama alidakia. “Ila ameshaajiriwa. Jumatatu anaanza kuendesha basi la watoto wa chekechea.” Kwa mara ya kwanza tangu aingie, uso ulimchangamka.

“Hongera, kaka,” askari alisema. “Basi mfundishe mama yako kupunguza mwendo.”

Kijana alitazama sakafu. “Huwa namwambia,” alisema. “Hasikii.”

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mama naye akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyeanguka kwenye tope mbele za watu. Kisha akainamia mikono yake, akaanza kujikwangua kucha.

“Haya, nieleze ilivyokuwa, niandike.”

“Gari lilitokea kwenye kona ya duka la dawa,” mama alianza. “Likaja kasi, matairi yanalia. Watoto wa shule walikuwa wameshavuka, tumshukuru Mungu kwa hilo. Likapita pale kwenye kivuko, vuuu, kana kwamba hakuna mtu. Hata taa za breki hazikuwaka.”

Askari aliacha kuandika. “Taa za breki?”

“Hazikuwaka kabisa, afande.”

“Na dereva ni wewe.”

“Ni mimi. Nionyeshe pa kuweka sahihi.”

Alionyeshwa. Akaandika jina lake taratibu, herufi moja moja, kama alivyofundishwa darasa la kwanza. Kisha akatoa leseni kwenye kijimfuko cha plastiki, akaifuta vumbi kwa pindo la gauni, akaiweka mezani na kuisogeza mbele kwa vidole viwili.

Askari hakuichukua. Alikuwa anamtazama kijana.

Kijana akainuka. “Mama, nakusubiri nje.”

“Kaa, kaka,” askari alisema, bila kupandisha sauti. “Kamera ile hupiga picha mbili. Ya pili huipiga gari likishapita.”

“Afande, nimeshakubali,” mama alisema. “Nimeshatia sahihi. Ya pili ya nini tena?”

Askari alibonyeza, picha ikaja. Akaikuza ikajaa kioo chote, na wa mbele kwenye foleni wakachungulia.

Kile kigari cheupe kilionekana kwa nyuma, kinatokomea. Na huku kwenye mistari myeupe ya kivuko palikuwa na mwanamke anayeanguka kwa ubavu, trei ya mayai imeruka hewani juu ya kichwa chake. Uso wake, alioligeuzia gari ukaonekana kwa upande, ulikuwa wa mama muuza mayai, mdomo wazi, kama mtu anayemwita mwanawe.